Nani anayeiona rangi ya maji ya Sakania?

Kila baada ya siku tano hivi, setilaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya hupita juu ya Sakania na kuipiga picha ardhi yake katika kanda 13 za mwanga, nyingine zikiwa hazionekani kabisa kwa jicho la binadamu. Shimo la mgodi wa Frontier limo humo. Foleni ya malori ya Kasumbalesa imo, reli imo, mabwawa ya maji tope yamo, mashamba ya mahindi na mihogo yamo. Picha hizo hazilipiwi. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua, awe Brussels, Beijing au Ndola. Swali linalopaswa kuulizwa Haut-Katanga ni fupi lakini zito: nani, Sakania kwenyewe, anayezifungua na kuzisoma?

Swali hilo si la wanasayansi peke yao. Mkulima anayeona majani ya mahindi yake yamekuwa manjano kabla ya wakati, au mama anayekuta maji ya kijito yamebadilika rangi, huulizwa jambo moja akifika ofisini: ushahidi uko wapi? Yeye ana macho yake na neno lake. Upande wa pili una wahandisi, ramani, vipimo na ripoti yenye mihuri. Katika mabishano ya namna hiyo, mwenye kipimo ndiye anayeshinda, hata kama mwenye haki ni mwingine.

Hapo ndipo teknolojia ya kupiga picha za spektra, yaani picha zinazopima kila rangi ya mwanga kwa nafasi yake, inapoacha kuwa jambo la maabara za mbali na kuwa jambo la umma. Na kwa kuwa vifaa vya fuwele miminika, ndugu wa vile vilivyomo katika vioo vya simu na televisheni, vimeifanya kazi hiyo iwezekane kwa kamera ndogo, Haut-Katanga haina tena sababu ya kusubiri wengine waitazame kwa niaba yake.

Ardhi iliyosomwa kwa rangi tangu zamani

Kusoma rangi ya ardhi si jambo geni katika ukanda huu wa shaba. Muda mrefu kabla ya mjiolojia Mbelgiji Jules Cornet kufika Katanga na kuandika habari za madini yake mwaka 1892, wenyeji walikuwa wakichimba malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wakiliyeyusha na kufua misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika biashara ya masafa marefu. Hawakuwa na kifaa cha kupimia. Walitazama mwamba wa kijani, na walitazama vilima vilivyokuwa vipara katikati ya msitu wa miombo.

Vilima hivyo vipara vina sababu. Shaba ikizidi udongoni, miti mingi hushindwa kuota, na mahali pake hushikwa na mimea michache iliyozoea sumu hiyo. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, umejulikana kwa jina la ua la shaba. Wataalamu wa mimea Paul Duvigneaud na baadaye François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi, waliichunguza mimea hiyo kwa miaka mingi. Wanaakiolojia nao waliufuata mmea huo ili kugundua mahali palipokuwa na tanuri za kale za kuyeyushia shaba. Ua lilikuwa alama, na alama ilisomwa kwa jicho.

Kinachofanywa leo na kamera ya spektra ni kazi ileile, ila kwa jicho lenye uwezo mkubwa zaidi. Jicho la mtu hugawa mwanga katika makundi matatu tu: nyekundu, kijani na bluu. Kamera ya simu hufanya hivyohivyo. Kamera ya spektra huweza kugawa mwanga katika makundi kumi, hamsini au mia kadhaa. Kifaa cha Marekani kiitwacho EMIT, kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu Julai 2022, kina kanda 285.

Faida ya kugawa hivyo ni kwamba kila kitu kina namna yake ya kumeza na kurudisha mwanga. Malakiti ni ya kijani kwa sababu shaba iliyomo humeza mwanga mwekundu. Udongo mwekundu wa Katanga una chuma kinachomeza mwanga wa bluu. Maji ya migodi yenye tindikali huacha kando ya vijito madini ya rangi ya njano na kahawia ambayo kwa jicho hufanana, lakini kwa kipimo cha spektra hutofautiana. Na jani bichi lina tabia ya ajabu: humeza karibu mwanga wote mwekundu, kisha ghafla, kati ya nanomita 680 na 750, huanza kuurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi usioonekana. Mahali hapo pa mruko, ambapo wataalamu hupaita ukingo mwekundu, husogea kidogo pale mmea unapopata shida, ikiwemo shida ya metali nzito. Mara nyingi kipimo hicho huonyesha dalili kabla jani halijawa manjano.

Fuwele zinavyochuja mwanga

Fuwele miminika ziligunduliwa mwaka 1888 na mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, huko Prague. Alikuwa akichunguza kitu kilichotokana na karoti, akakuta kinayeyuka mara mbili: kwa nyuzi joto 145.5 kikawa kimiminika chenye ukungu, na kwa 178.5 kikawa cheupe na angavu. Katikati ya viwango hivyo viwili, kilitiririka kama maji huku molekuli zake zikijipanga kama za fuwele. Ilichukua miongo mingi kabla ya tabia hiyo kutumiwa katika saa, vikokotoo na hatimaye vioo vya kompyuta.

Siri yake ni kwamba molekuli hizo hugeuka zikiguswa na umeme kidogo, na zikigeuka, mwanga unaopita ndani yake hubadilika. Mfaransa Bernard Lyot alikuwa amependekeza mwaka 1933 chujio la kutazamia jua, lenye tabaka za fuwele ngumu zilizotenganishwa na vioo vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Chujio la Lyot hupitisha rangi moja nyembamba na kuzuia nyingine zote. Wahandisi wa baadaye waliongeza fuwele miminika katika tabaka hizo, na chujio likapata uhai: ukibadilisha umeme, rangi inayopita nayo hubadilika. Hakuna gurudumu la kuzungushwa wala vioo vya kubadilishwa kwa mkono. Kamera hupiga picha moja kwa rangi moja, kisha umeme hubadilishwa, hupiga nyingine, hadi rangi zote zinazotakiwa ziishe. Kila mabadiliko huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde.

Kwa kuwa hakuna sehemu inayosogea, kifaa huwa kidogo na chepesi. Ndiyo maana Ufilipino ilipotaka kuwa na jicho lake angani iliweka chujio la namna hiyo katika Diwata-1, setilaiti yenye uzito wa kilo 50 hivi iliyotengenezwa na wahandisi Wafilipino kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Hokkaido na Tohoku nchini Japani, na kuachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tarehe 27 Aprili 2016. Kamera za aina hiyo zimefungwa pia kwenye droni ili kupima afya ya mazao. Huko Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, watafiti wamekwenda mbali zaidi: badala ya tabaka nyingi, wametumia seli moja tu ya fuwele miminika na kuiachia kompyuta kazi ya kuzitenganisha rangi kwa hesabu.

Kifaa hiki kina kasoro zake. Polaraiza ya kwanza hula nusu ya mwanga, hivyo kinahitaji jua la kutosha. Joto likipanda, molekuli hubadili tabia, na katika jua la Oktoba la Katanga hilo si jambo dogo; lazima kipimwe upya mara kwa mara kwa kutumia bamba jeupe linalojulikana. Na kwa kuwa rangi hupigwa moja baada ya nyingine, droni ikiyumba picha hazilingani hadi zipangwe kwa kompyuta. Lakini hizo ni kasoro ambazo mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi anaweza kufundishwa kuzishughulikia.

Mito haina pasipoti

Anayedhani haya ni mambo ya kubuni atazame yaliyotokea katika ukanda huu kwa miaka michache tu iliyopita.

Julai 2021, maji yenye mabaki ya mgodi wa almasi wa Catoca nchini Angola yaliingia katika mto Tshikapa na kuteremka hadi Kasai. Maji yalibadilika rangi, samaki wakafa. Septemba mwaka huo, waziri wa mazingira wa Kongo, Ève Bazaiba, alitangaza kwamba watu 12 walikuwa wamekufa na maelfu kuugua. Picha za setilaiti zilionyesha maji hayo ya rangi tofauti yakisafiri kutoka upande wa Angola, na hivyo zikawa sehemu ya ushahidi wa chanzo chake. Kama si picha, ubishi wa nani alimwaga nini ungekuwa mrefu zaidi.

Novemba 2022, bwawa la maji tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga nchini Tanzania, lilipasuka na tope likafunika mashamba na nyumba. Hapo pia picha za angani zilionyesha wazi ukubwa wa eneo lililofunikwa.

Tarehe 18 Februari 2025 ikawa zamu ya majirani wa karibu kabisa. Ukuta wa bwawa la mabaki la kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia, huko Chambishi, ulipasuka na maji yenye tindikali yakaingia mto Kafue. Jiji la Kitwe lilikatiwa maji. Kiasi kilichotajwa mwanzoni kilikuwa lita milioni 50. Baadaye Drizit, kampuni ya Afrika Kusini iliyokuwa imeletwa kufanya tathmini, ilisema kilichomwagika ni tani milioni 1.5. Sino-Metals ilipinga na mkataba wa Drizit ukavunjwa. Kafue hautiririki kuelekea Kongo, lakini somo lake limevuka mpaka: tofauti ya namba hizo mbili ni kubwa mno, na mkulima aliyepoteza shamba hana uwezo wa kusema ipi ni ya kweli.

Mwezi Novemba 2025, jijini Lubumbashi kwenyewe, maji machafu yalitoka katika eneo la kampuni ya CDM na kuingia katika mitaa ya watu. Wizara ya madini ilisimamisha shughuli za kampuni hiyo. Hatua ilichukuliwa kwa sababu maji yalifika barabarani mbele ya macho ya jiji zima. Mashaka ni juu ya vijito vya Sakania, ambako hakuna kamera za simu mia moja wala redio inayofika kwa nusu saa.

Teritwari hii imekuwa mlango wa shaba tangu reli kutoka kusini ilipofika mpakani hapo mwaka 1909, mwaka mmoja kabla ya treni kuingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mgodi wa Frontier ulianza uzalishaji mwaka 2007, ukafungwa mwaka 2010 kwa mgogoro wa leseni, ukabadili mikono mwaka 2012 na kufunguliwa tena. Lonshi nao ulichimbwa, ukasimama, ukarudi. Leseni zimekwenda na kurudi na wamiliki wamebadilika. Waliobaki palepale ni wanavijiji, na udongo wao. Lakini kumbukumbu ya hali ya udongo huo kabla ya mgodi, wakati wa mgodi na baada yake, haiko mikononi mwao. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za kijiolojia za wakati wa ukoloni bado imehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji.

Afya inayodai jibu

Hili lisichukuliwe kuwa suala la majani na mawe tu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga ya kusini. Waliokuwa wakiishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwanda vya kuyeyushia walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko walioishi mbali. Mwaka 2020, utafiti mwingine uliofanywa Lubumbashi na kuchapishwa katika jarida la Lancet Planetary Health ulionyesha uhusiano kati ya baba kufanya kazi zinazohusiana na madini na mtoto kuzaliwa na ulemavu wa maumbile.

Tafiti hizo zinaonyesha kwamba umbali una maana. Lakini umbali haupimwi kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Vumbi hufuata upepo, maji hufuata bonde, na mboga zinazouzwa sokoni hufuata baiskeli ya muuzaji. Kujua ni bonde lipi limechafuka na lipi limesalimika ndiko kunakoweza kumwambia mama wapi achote maji na wapi asipande mboga. Kupima kila kisima na kila tuta katika maabara ni gharama isiyobebeka. Kupiga picha bonde zima, kisha kuchukua sampuli pale tu picha inapoonyesha jambo lisilo la kawaida, ni kazi inayowezekana.

Na hapo ukweli usemwe bila kupambwa: kamera ya spektra haioni kobalti iliyoyeyuka ndani ya maji masafi. Haioni sumu iliyo chini ya ardhi. Jani lililopata shida linaweza kuwa limeshambuliwa na ukame, wadudu au njaa ya mbolea, si metali. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi na zaidi, mawingu huziba macho ya setilaiti katika kipindi hasa ambacho mabwawa hujaa na kuta hulemewa. Ndiyo sababu kamera inayopaa chini ya mawingu ina thamani, na ndiyo sababu maabara haiwezi kuachwa. Picha huonyesha mahali pa kutazama, na chupa ya sampuli huthibitisha. Atakayewauzia wananchi kamera kama mganga wa kila ugonjwa atakuwa amewadanganya.

Sheria ipo, fedha zipo

Wapo watakaosema kwamba teritwari ambayo bado inahitaji barabara, zahanati na madawati haina haki ya kuzungumzia fuwele na spektra. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Lakini isisahaulike kwamba zahanati inayojengwa kando ya maji yenye sumu itakuwa ikitibu ugonjwa uleule kila mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nchi ya mabwawa ya maji tope methali hiyo ni ya kuchukuliwa neno kwa neno.

Fedha nazo haziwezi kusemwa hazipo. Kongo sasa ni ya pili duniani kwa kuzalisha shaba. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa machifu, sekta, komini na miji ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Kamera, droni, kompyuta mbili na mafunzo ya vijana sita si mzigo unaoweza kuitikisa bajeti ya namna hiyo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuweka mradi huo kwenye orodha.

Sheria hiyohiyo ina kipengele ambacho wanavijiji wengi hawajaelezwa. Mwenye leseni ya mgodi anawajibika kulipa madhara yaliyosababishwa na shughuli zake hata kama hakufanya kosa, na hawezi kuepuka isipokuwa athibitishe kwamba madhara yametokana na sababu nyingine isiyohusiana na uchimbaji wake. Kwa maneno mengine, mzigo wa kuthibitisha umewekwa kwa kampuni. Lakini kampuni ikija na ripoti nene inayosema kijito kilikuwa hivyo tangu zamani, nani atakayeijibu? Picha ya mwaka juzi, iliyopimwa na kuhifadhiwa na mtu asiye na upande, ingeweza kuijibu kwa dakika moja. Bila picha hiyo, kipengele kizuri cha sheria hubaki maandishi.

Hatua zinazowezekana

Jambo la kwanza halihitaji kununua chochote. Picha za Sentinel-2, za Landsat na za EMIT ziko wazi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chenye wanajiolojia, wakemia na wataalamu wa kilimo, kinaweza kupewa jukumu rasmi la kutengeneza kumbukumbu ya kila bonde la Sakania kwa miaka iliyopita. Landsat imekuwa ikitolewa bure tangu 2008 na picha zake za zamani zinarudi nyuma miongo kadhaa, hata kabla ya Frontier kufunguliwa. Hiyo ndiyo picha ya "kabla" ambayo kila shauri la fidia huitafuta.

Jambo la pili ni kamera ya chini ya mawingu: droni yenye chujio la fuwele miminika au kifaa kingine cha spektra kinacholingana nayo, pamoja na maabara ya kuthibitisha. Kifaa hicho si cha bei ya simu, lakini si cha bei ya setilaiti pia. Uganda ilipeleka wahandisi wake watatu Japani, wakarudi wakiwa wamejenga PearlAfricaSat-1, setilaiti ndogo yenye kamera ya kanda kadhaa za mwanga iliyorushwa Novemba 2022. Kenya ilirusha Taifa-1 Aprili 2023. Kongo yenye shaba na kobalti, ambazo viwanda vya ulimwengu huzihitaji kila siku, haiwezi kusema kwamba kamera moja ya droni imeishinda.

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi, kwa sababu ni la siasa. Matokeo yatolewe hadharani. Kitabu cha vipimo kisifungiwe ofisini Lubumbashi wala Kinshasa, wala kisikabidhiwe kampuni kwanza ili ikipitie. Ramani ya kila robo mwaka ibandikwe katika ofisi ya teritwari, kwa chifu, kanisani na sokoni, ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili na Kibemba, lugha ambazo watu wa Sakania huzungumza, pamoja na Kifaransa cha ofisi. Itangazwe redioni. Mwenye mgodi apate nakala siku ileile anayopata mwanakijiji, na apewe nafasi ya kujibu kwa vipimo vyake. Kampuni iliyo safi haitapoteza kitu, itapata shahidi.

Idara zenye kazi hiyo kisheria zipo tayari: kuna idara ya kulinda mazingira ya migodi, kuna wakala wa mazingira wa taifa, kuna huduma ya jiolojia ya taifa. Hazikosi majina wala mihuri. Zinachohitaji ni macho yasiyotegemea gari la mgodi kuwafikisha wakaguzi mgodini. Mkaguzi anayebebwa, kulishwa na kulazwa na anayemkagua ana uhuru mdogo, hata akiwa mtu mwadilifu.

Waswahili wamesema mwenye macho haambiwi tazama. Watu wa Sakania wana macho, na wahenga wao waliyatumia kuipata shaba kabla ya mwingine yeyote kuisaka kwa ramani. Kinachotakiwa sasa ni jimbo kuwaongezea jicho moja linaloona pale ambapo yao yanaishia, na kuhakikisha kwamba linachokiona kinakuwa chao. Bajeti ya mwaka ujao ya Haut-Katanga itaonyesha kama viongozi wanakusudia kulinunua, au kama maji ya Sakania yataendelea kujulikana rangi yake Brussels na Beijing kabla ya kujulikana Sakania.